Zimwi Likaita, Simu Ikaita

Katika Kiswahili sanifu, zimwi likaita, simu ikaita. Ngeli ni mbili tofauti, na mwanafunzi wa Darasa la Tano anayezichanganya hupoteza alama. Nimefundisha somo hilo kwa miaka ishirini na miwili, sita ya mwisho nikiwa hapa Nainokanoka, juu ya kreta ya Ngorongoro, ambako asubuhi nyingi ukungu huingia darasani kabla ya wanafunzi.

Mimi ni mzaliwa wa Karatu. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiiraqw; hapa watu wote huzungumza Kimaa, nami nilikuja nikiwa na Kiswahili changu cha kazi. Kiswahili hicho kinatosha darasani na katika vikao vya wazazi. Hakitoshi jioni, watu wanapokaa pamoja na kucheka jambo ambalo hakuna anayeona haja ya kulitafsiri. Nyumba niliyopewa ina vyumba viwili, na kimoja sikuwa nakitumia. Sina mume wala mtoto. Dada yangu Antonia, aliyebaki Karatu, hunipigia simu Jumapili. Akinikosa Jumapili moja, husubiri ijayo.

Palikuwa na boma moja tu ambalo lilijua kama nipo au sipo. Lilikuwa la Koko Kakenya.

Koko ndivyo wanavyomwita bibi huku, nami nilimwita hivyo tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa ameuza maziwa katika soko la Karatu kwa miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, tena kizuri. Ngeli alizipatia kuliko baadhi ya walimu wenzangu. Sauti moja tu haikukubali kutoka kinywani mwake, kwa sababu Kimaa hakina Z. Maziwa aliyoyauza maisha yake yote aliyaita masiwa. Wenzake walimcheka kwa kuhangaika na lugha ya mjini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliwajibu kwa Kimaa maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akanigeukia na kuendelea kwa Kiswahili, polepole, akiniangalia usoni kuhakikisha kwamba tuko pamoja.

Nilikwenda kwake kila Jumamosi saa tisa alasiri. Nilisimama penye uzio nikaita, "Hodi, Koko!" Kimya. Nikaita mara ya pili, naye akajibu, "Pita, Mwalimu." Mwanzoni nilidhani ana tatizo la masikio.

"Kwa nini huitiki mara ya kwanza?" nilimuuliza siku moja.

"Mara ya kwansa sijui ni nani."

"Ni mimi. Sauti yangu unaijua."

"Sauti yako naijua," alisema. "Simwi pia linaijua."

Ndipo aliponisimulia. Katika msitu wa ukingo wa kreta kulikuwa na zimwi lililoita watu kwa sauti za ndugu zao. Halikuwa na nguvu ya kumkamata mtu. Lilikuwa na nguvu ya kuita tu. Aliyeitika wito wa kwanza alijikuta anatembea kuelekea msituni, wala hakurudi. Msichana mmoja alikwenda kuteka maji, zimwi likaita kwa sauti ya mama yake, akaitika, akapotea. Bibi yake akamfuata. Akaketi chini ya mti, akanyamaza. Zimwi likaita kwa sauti ya mumewe aliyekufa. Bibi kimya. Likaita kwa sauti za watoto wake, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Likaita kwa sauti zote lilizokuwa nazo mpaka zikaisha, na mwishoni likabaki na sauti moja, sauti yake lenyewe, ambayo halikuwahi kuitumia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuijua. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya ndama aliyeachwa nyuma. Likaita kwa sauti hiyo. Bibi akaitika.

"Akaitika?" niliuliza.

"Akaitika. Simwi likalia. Mtoto akatoka. Kunywa masiwa, yanapoa."

Nilikunywa.

Mwezi Septemba vijana fulani wa Arusha, waliojiita Ngano Kiganjani, walituma ujumbe kwa walimu wa vijijini. Walikuwa wanatengeneza maktaba ya hadithi za mazimwi, majitu na wanyama wasemao, za kusomwa kwenye simu, zikiwa na picha zinazotembea. Walituomba tukusanye ngano za maeneo yetu na kuziwasilisha kabla ya mwisho wa Oktoba. Nilimweleza Koko. Aliuliza kama wajukuu zake walio shule za bweni wangeweza kuzisoma huko waliko. Nilisema ndiyo. Akasema basi niwashe.

Nilirekodi ngano kumi na moja kwa kishikwambi changu. Kuziandika zote kwa mkono kungenichukua miezi, lakini mtandao wenye nguvu ukipatikana, kishikwambi husikiliza sauti na kuandika chenyewe. Kwetu mtandao huo hupatikana kilimani tu, karibu na tangi la maji. Kwa hiyo siku ya mwisho ya Oktoba, baada ya kusahihisha karatasi tisini na nne za mtihani, nilipanda huko nikiwa nimejifunika shuka mbili. Upepo ulikuwa mkali na chaji ilikuwa imebaki asilimia sita. Maandishi yakaja, nami nikaanza kuyapitia kama nilivyopitia karatasi zile tisini na nne: si kwa kusoma habari iliyomo, bali kwa kutafuta kosa.

Mashine ilikuwa imesikia "simwi" na kuandika "simu". Nilichokiona mimi ni "simu likaita". Mkono wangu ulijua la kufanya kabla yangu. Nikafuta LI, nikaandika I. Simu ikaita. Simu ikanyamaza. Nilifanya hivyo mara kumi na tisa, kwa usafi, pasipo kuruka hata moja. Kisha nikatuma, nikashuka kwa haraka kabla giza halijaingia, nikijisikia mtu aliyemaliza kazi yake.

Koko alisema kwa usahihi, mashine ikasikia vibaya, mimi nikasahihisha. Sentensi hizo nimezipanga kwa utaratibu kichwani mwangu mara nyingi, na kila ninavyozipanga kosa linaangukia palepale.

Nililigundua Januari, shule zilipofunguliwa. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa Darasa la Tano kishikwambi wasome kwa zamu, na msichana wa dawati la mbele akasimama akasoma kwa sauti: "Simu ikamwita kwa sauti ya mama yake. Akapokea. Hakuonekana tena." Darasa zima likapiga kelele za furaha na woga. Wengine walikuwa wanaijua tayari kwa moyo, kwa sababu kaka zao wenye simu janja walikuja nayo likizo kutoka mjini.

Nilikichukua kishikwambi kutoka mikononi mwake. Hadithi ilikuwa imegawanywa katika kurasa kumi na mbili za kuvuta kwa kidole. Katikati ya miti ya ukingo wa kreta, yenye ndevu za kuvu kama ilivyo kweli, kulikuwa na simu kubwa yenye meno, na mwanga wake ulitoka na kuzimika kama pumzi. Ilikuwa picha nzuri. Sina budi kusema hivyo. Bibi aliketi chini ya mti. Simu ikaita kwa sauti hii na ile, bibi asipokee. Katika ukurasa wa mwisho simu iliishiwa chaji. Kioo kikawa cheusi, msichana akatoka, basi.

Chini yake paliandikwa: Msimulizi, Koko Kakenya wa Nainokanoka. Mkusanyaji, Mwalimu Laurencia Hhando. Imesomwa mara elfu arobaini na moja.

Jioni ile nilipanda kilimani nikampigia Raymond, kijana aliyekuwa akiratibu kazi hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu! Nilikuwa nakutafuta kweli. Hadithi ya Koko imetrendi, yaani ni noma."

"Marahaba. Raymond, kuna kosa."

"Kosa gani tena?"

"Si simu. Ni zimwi. Mashine ilisikia vibaya, nami sikuona."

Alicheka kwa muda mrefu. "Mwalimu, usinitanie. Yaani ile simu haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Basi hilo ndilo kosa zuri kuliko yote nchini."

"Naomba lirekebishwe."

"Mwalimu wangu, sikiliza. Mazimwi tunayo mia mbili. Yote yana pembe. Programu ya kuchora ukiiambia zimwi, inakuletea lijitu la kijani la Ulaya, umelibadilisha nguo ukachoka. Nilipoiambia simu yenye meno kwenye msitu wa Ngorongoro, ikachora kitu ambacho haijawahi kukichora. Watu wanasoma kwa kidole siku hizi. Ukurasa wa tatu wasiposhtuka, wametoka. Kwa hii hawatoki."

"Na mwisho? Nani aliubadilisha mwisho?"

"Ah, ule mwisho haukuwa na mantiki. Bibi ananyamaza hadithi nzima, halafu anapokea simu, na mtoto anaokoka? Kwa nini? Tukaiomba programu miisho mitatu, tukapiga kura. Ya chaji ikashinda."

Alisema kweli. Simu inapoita kwa sauti yake yenyewe, ni mlio tu. Hakuna bibi anayeweza kuuhurumia. Mimi ndiye niliyeondoa zimwi, na zimwi lilipoondoka, lilichukua mwisho wake.

"Sasa kuna jambo muhimu," Raymond aliendelea. "Mwisho wa mwezi tunaanza katuni. Tunahitaji sauti ya Koko, sekunde thelathini tu: 'Mimi naitwa fulani, hii ni hadithi yangu.' Akikubali, jina lake linakaa mbele. Asipokubali inabidi tulitoe, taratibu ndizo hizo."

"Na kama atataka zimwi lirudi?"

"Atapata zimwi lake, Mwalimu, tutaliweka kule na wenzake mia mbili. Lakini hii hairudi nyuma. Itarudi vipi? Imeshakwenda."

Jumamosi iliyofuata sikwenda kwa Koko. Nilijiambia kwamba nina daftari za kusahihisha, nazo zilikuwepo. Jumamosi ya pili nilifua nguo zilizokuwa safi. Ya tatu nilikwenda, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na kwa sababu kwa muda wa siku ishirini na moja hakuna mtu mzima huku, mbali na walimu wenzangu kazini, aliyekuwa ameniuliza hali yangu.

Niliita mara mbili. Alinikaribisha. Mke wa Supeet, mwanawe aliye mlinzi Dodoma, alikuwa akikoroga chai, akasogea kunipisha.

"Ulikuwa mgonjwa, Mwalimu?"

"Hapana, Koko."

"Basi ulikuwa na hasira."

"Hapana."

"Mm." Alinipa kikombe. "Watoto wakipita na mbusi siku hisi wananiita Koko wa Simu. Simu yangu ni ile ya tochi, kioo kimepasuka, hata Supeet akipiga simsikii. Wanacheka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikutumia hata moja. Nilisema: "Wamesoma hadithi yako ya zimwi. Lakini huko imeandikwa simu."

"Nimesema simwi."

"Ndiyo, Koko. Ulisema simwi."

"Sasa?"

"Mashine ilisikia simu."

"Simwi," alisema tena, akijisikiliza. Alimgeukia mkamwana wake akamuuliza kitu kwa Kimaa. Yule akarudia maneno yote mawili, nayo yalifanana. Wakatazamana wakacheka, Koko akajipiga paja. Kisha kicheko kikakatika. "Ni mdomo wangu huu, basi. Miaka yote sokoni watu wananiambia, mama, sema visuri."

"Si mdomo wako. Mashine iliandika 'simu likaita'. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama, kwa sababu ile LI ilikuwa ya zimwi, uliipatia. Ningesoma kwa akili ningeona. Mimi nikaifuta. Nilikusahihisha wewe uliyekuwa sahihi."

"Soma," alisema.

Nilimsomea kurasa zote kumi na mbili. Alicheka pale simu ilipotoa meno, kwa sababu hakuwa mtu wa kunyima kitu haki yake. Alisema hiyo ni nzuri, hiyo inatisha. Nilipofika mwisho nikanyamaza, naye akasubiri.

"Endelea."

"Imeisha, Koko."

"Bibi ameitika wapi?"

"Hakuitika. Simu iliishiwa chaji."

"Na ile sauti yake? Ile ndogo?"

"Haimo."

Alikitazama kishikwambi, si kwa chuki. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula na kuondoka bila kuaga. Nje mbuzi walikuwa wanarudi, na mkamwana wake akatoka kuwapokea.

"Mimi nilisaliwa Engaresero, chini kule kwenye joto," alisema. "Nililetwa huku kuolewa nikiwa mtoto. Baridi hii sikuijua. Mtu hata mmoja sikumjua. Siku ya kuondoka mama alinipa hadithi hiyo. Akasema, huko uendako kila sauti utadhani ni ya nyumbani, usiitike haraka. Na akasema, siku moja utasikia kitu kinaita ambacho hakina mtu. Hicho itika." Alinyanyua kikombe changu, akaona bado kimejaa, akakirudisha. "Wanangu sikuwapa. Wao wana watu. Nilikupa wewe, kwa sababu nilikuona unavyofunga mlango wa ile nyumba yako na kuufungua mwenyewe."

Sikuweza kumtazama. Nilijua kwamba nilikuwa nimebakisha jambo moja la kumwambia, na kwamba nisipolisema wakati ule sitalisema tena. Nikamweleza habari ya katuni, sekunde thelathini na jina.

"Hapana," alisema.

"Ukikataa jina lako linatoka. Watu elfu arobaini wanalisoma, Koko. Hata wajukuu wako."

"Wajukuu wangu watasoma kwamba bibi yao alikaa chini ya mti akisubiri chaji iishe." Alitikisa kichwa. "Walitoe jina. Andika lako. Ile ni hadithi yako, wewe ndiye uliyeitengenesa."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Sina hasira na wewe, Mwalimu. Njoo tu kama kawaida." Alisugua midomo yake kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. "Lakini Kiswahili kimenichosha."

Nilidhani ni neno la kusemwa tu.

Nilimwambia Raymond. Alisikitika kidogo, kisha akauliza kama angeweza kuliweka jina langu peke yake, kwa sababu hadithi isiyo na mwenyewe huleta maswali. Ningeweza kukataa. Niliona kwamba kosa linapaswa kukaa na jina la aliyelifanya, nikakubali, nikasoma sekunde thelathini zangu kwa matamshi safi. Katuni ilitoka mwezi Aprili. Antonia alinipigia siku ya Jumatano, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema kanisani Karatu wote wameiona, kwamba hata padri ameitaja, kwamba alikuwa hajui dada yake ana kipaji namna ile. Nilimshukuru. Aliposema ataniombea niandike nyingine, nilimwambia mtandao unakatika.

Kwa Koko bado ninakwenda kila Jumamosi. Hajaninyima chai hata mara moja, wala kiti changu hajampa mtu mwingine. Ila haongei nami Kiswahili. Anaongea Kimaa, kwa kasi ileile anayoongea na mkamwana wake, na kicheko kikija kinanipita. Mwanzoni nilifikiri ni adhabu. Sasa nafikiri ni mapumziko tu: kwa miaka sita alikuwa akibeba mzigo kwa ajili yangu, akautua, na hakuona sababu ya kuuinua tena.

Nimenunua daftari la kurasa mia. Naandika maneno ninayoyasikia, kwa ngeli ninazozikisia, nayafanyia mazoezi nikirudi nyumbani, kwa sauti, katika kile chumba nilichokuwa sikitumii. Ninayajua maneno ya maziwa, maji, mvua, ng'ombe, mtoto. Ninajua anapomsema Supeet, na ninajua anapohesabu siku.

Jumamosi iliyopita nilijaribu sentensi nzima. Nilitaka kusema kwamba maziwa ya leo ni matamu na kwamba ninashukuru. Niliisema taratibu, kila neno kwa nafasi yake. Nilikuwa nimekosea mahali, kwa maana mke wa Supeet aliinamia moto akacheka hadi akakohoa. Koko alinitazama kwa upole uleule wa siku zote. Nilisubiri anisahihishe. Alimimina maziwa mengine katika kikombe changu, akaendelea na alichokuwa akisema.